Karatasi za Jenerali na Ufagio wa Mwanza

Katika Afrika ya Mashariki, Vita Vikuu vya Kwanza vilikwisha tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya kwisha Ulaya. Siku hiyo Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini huko Abercorn, mji ambao leo huitwa Mbala na umo ndani ya Zambia. Nyuma yake walikuwapo Wajerumani 155, askari wa Kiafrika 1,168, na msafara wa wapagazi, wanawake na watoto. Fedha za kuwalipa hazikuwapo. Askari na wapagazi walikuwa wakidai mishahara ya muda mrefu, na badala ya fedha wakapewa hati, yaani karatasi iliyoandikwa kiasi cha deni lao, wakaenda nayo makwao.

Hivyo vita vile viliacha karatasi za namna mbili. Za jenerali zimo katika hifadhi ya nyaraka za kijeshi mjini Freiburg, kusini ya Ujerumani, nazo zina namba yao, N 103; mtafiti akitaka kuzisoma huagiza kwa namba hiyo akaletewa mezani. Za askari zilikwenda kwa miguu. Zilifungwa katika pindo za shuka, zikachomekwa katika mapaa ya nyasi, zikalowa kwa masika na kuliwa na mchwa. Zilipotakiwa zionyeshwe, mwaka 1964, zilizobaki zilikuwa chache mno.

Kwa muda mrefu ni karatasi za namna ya kwanza tu zilizohesabiwa kuwa maandishi. Kwa mkono wa jenerali huyo vilitoka vitabu vitatu mashuhuri: Meine Erinnerungen aus Ostafrika, kilichochapishwa Leipzig mwaka 1920 na kutiwa katika Kiingereza mwaka huohuo, Heia Safari!, nacho cha 1920, kilichokusudiwa vijana wa Kijerumani. Na Mein Leben, masimulizi ya maisha yake yote, kilichotoka 1957, miaka saba kabla hajafa. Kwao alikuwa shujaa asiyeshindwa. Ni katika miaka ya 2000 tu ndipo Uwe Schulte-Varendorff (2006) na Eckard Michels (2008) walipomrudia katika vitabu vyao bila ya kumpigia saluti.

Makala haya yanauliza jambo jingine. Vitabu hivi vikifikishwa mbele ya msomaji wa Kiswahili, tuseme msomaji aliyeketi Maganzo, vina nini cha kumwambia, na yeye ana nini cha kuvijibu?

Maganzo hakutajwa kwa kubahatisha. Ni mji mdogo wa wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, kando ya barabara kuu iendayo Mwanza, mlangoni mwa mgodi wa almasi wa Mwadui ambao John Williamson aliugundua mwaka 1940. Imo katika nchi ya Wasukuma, na Wasukuma pamoja na jirani zao Wanyamwezi ndio waliokuwa uti wa mgongo wa misafara tangu enzi ya pembe za ndovu. Bagamoyo iliwajua kwa mabega yao kabla haijawajua kwa majina, na Unguja ilitajirika kwa mizigo waliyoishusha. Wadachi walipokuja kutafuta askari na wapagazi, walikwenda kwenye kisima ambacho wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kukichota. Kwa hiyo msomaji wa Maganzo anapofungua kitabu cha jenerali haji kama mgeni. Huenda anasoma habari za babu wa babu yake.

Kwanza jenerali apewe haki yake. Mtu huyu alizaliwa 1870, akapigana China na Afrika ya Kusini Magharibi, na alikuja Dar es Salaam Januari 1914 akiwa luteni kanali, tayari ameharibikiwa na jicho. Lugha yake ni kavu na safi. Hapigi kelele. Anapoeleza vita huandika kama mtu anayetoa hesabu ya duka: walikuja kadha, tukapoteza kadha, tukateka bunduki kadha. Vita vya Tanga vya Novemba 1914, ambavyo mwandishi mwingine angevitungia shairi refu, kwake ni ripoti. Na kurasa zake bora si za risasi kabisa. Ni zile za chakula, dawa na miguu. Hapo ndipo anapoeleza jinsi mkate ulivyookwa kwa mtama na muhogo ngano ilipokwisha, jinsi mafuta ya kiboko yalivyopikiwa, jinsi magome ya mkwinini yalivyochemshwa yakawa dawa chungu ambayo Wajerumani wenyewe waliiita kwa mzaha pombe ya Lettow, na jinsi yeye, mkuu wa jeshi, alivyoketi kujifunza kushona kiatu. Mtu anayejua njaa ni nini hataziruka kurasa hizo. Zina ucheshi mdogo, nao ni wa kweli.

Lakini hata hapa mhakiki hana budi kuuliza: mtama ule ulitoka ghalani kwa nani? Kitabu hujibu kwa maneno ya kijeshi, kwamba chakula kilipatikana au hakikupatikana katika wilaya fulani. Mwenye ghala haonekani. Ludwig Deppe, daktari aliyefuatana na jeshi hilohilo, alichapisha kitabu chake mwaka 1919, mwaka mmoja kabla ya mkuu wake, na humo alikiri waziwazi kwamba walikopita waliacha mashamba matupu, vijiji vitupu na njaa iliyokuwa inakuja. Daktari aliyaona yaleyale aliyoyaona jenerali. Tofauti yao ni kwamba mmoja aligeuka kutazama nyuma.

Kuna jambo la lugha ambalo wahakiki wa Ulaya hawakulitilia maanani, wala hawangeweza, maana linaonekana kwa jicho la Mswahili tu. Msomaji wetu akikifungua kitabu cha Kijerumani, hata kama hajui neno moja la lugha hiyo, hukutana na jamaa zake wamesimama katikati ya watu wasiowajua: askari, boma, pori, safari, mtama, bibi. Vitabu vya Wajerumani wa makoloni vimejaa maneno haya, mengine yakiwa yamevalishwa tahajia ya kigeni, kama shauri na posho. Kwa msomaji wa Leipzig yalikuwa viungo vya mchuzi. Yalimfanya ahisi joto na harufu ya nchi ya mbali.

Tazama yalivyofanywa. Kwetu shauri ni jambo la watu wawili au zaidi kuketi na kusikilizana. Katika vitabu hivyo ni baraza ambamo ofisa huketi na wengine husimama. Kwetu Unguja neno Bibi ni heshima. Hutangulia jina la mwanamke aliyestahiwa. Katika msafara wa jeshi, bibi ni mke au mwandani wa askari, naye hutajwa pale ambapo mwendo unachelewa. Jenerali hawachukii wanawake hao; mahali pengine hata huwastaajabia, jinsi walivyotembea na watoto mgongoni kutoka nchi hadi nchi. Lakini kwake ni sehemu ya mzigo wa msafara. Na safari, neno ambalo kwa Mswahili halikamiliki bila ya marejeo, limetiwa katika jina la kitabu cha vijana likiwa na alama ya mshangao, kama wito wa kwenda tu.

Fikiria sasa mfasiri anayekitia kitabu hiki katika Kiswahili. Atakapofika kwenye neno pori ataandika pori. Atakapofika kwenye boma ataandika boma. Viungo vyote vitayeyuka katika sufuria, maana sufuria yenyewe ni ya Kiswahili. Lile pambo lililokifanya kitabu kipendwe Ujerumani halitaonekana tena, na kitakachobaki juu ya karatasi ni amri: chimba, beba, vuka, ngoja, piga. Hii ndiyo sababu ya kutosha ya kutaka kitafsiriwe. Tafsiri ya Kiingereza ya 1920 iliyaacha maneno yale yang'ae. Tafsiri ya Kiswahili pekee ndiyo inayoweza kukivua kitabu hiki nguo za kukopa, tukakiona umbo lake.

Jambo jingine ni majina. Ofisa wa Kijerumani anapokufa katika kurasa hizi hufa kwa jina na cheo chake. Askari hufa kwa hesabu. Wako wachache waliotajwa, na hao wachache wanadhihirisha upweke wa majina yao. Mwenye kuzoea tenzi za vita za pwani hawezi kulipita jambo hili. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, alipotunga utenzi wa Wadachi kuitamalaki mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini, alipotunga ule wa Maji Maji, walijua kuwa kazi ya mtunzi wa vita ni kutaja: nani alikwenda, nani alitumwa, mwana wa nani, wa mji gani. Desturi hiyo haikufa. Henry Muhanika aliendelea nayo mwaka 1981 katika utenzi wake wa vita vya Kagera. Mtu anaweza kusema kuwa kumbukumbu za jenerali si utenzi na hazifai kupimwa kwa mizani hiyo. Ni kweli, lakini jenerali naye hutaja majina kwa wingi. Ameichagua tu orodha yake.

Na je, ni yeye aliyeandika? Ukurasa wa jina wa Heia Safari! wenyewe unasema kwamba kisa kimesimuliwa kwa msaada wa mpiganaji mwenziwe, Kapteni von Ruckteschell. Huyu Walter von Ruckteschell alikuwa msaidizi wa jenerali na pia mchoraji; michoro iliyomo katika kitabu kikubwa cha kumbukumbu ni yake. Baadaye, katika miaka ya 1930, alitengeneza sanamu za udongo wa kuchoma za askari na wapagazi kwa ajili ya kambi ya jeshi ya Jenfeld, Hamburg, iliyopewa jina la Lettow-Vorbeck. Ukizitazama sanamu hizo ukarudi kwenye kitabu, unaona mkono mmoja: miili mizuri, imara, inayotazama mbele, haisemi kitu. Mchoraji aliipenda miili ile bila shaka. Midomo ndiyo hakuipa kazi.

Lazima ikumbukwe pia vitabu hivi viliandikwa wakati gani. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliwanyang'anya Wajerumani makoloni yao, na mojawapo ya hoja ilikuwa kwamba hawakuwatendea wema waliowatawala. Ikawa haja kubwa kwao kumpata shahidi. Shahidi huyo akawa askari mwaminifu, yule aliyemfuata bwana wake miaka minne bila ya kunung'unika. Kwa hiyo uaminifu katika kurasa za jenerali si sifa ya moyo tu. Ni kielelezo kilichopelekwa mahakamani. Ndiyo maana mambo mengine yamepitiwa haraka. Wengi walitoroka. Wengine walitekwa wakabadilisha bendera: kikosi cha sita cha KAR, jeshi la Waingereza, kiliundwa kwa sehemu kubwa na watu waliokuwa askari wa Wajerumani. Hawakuwa wasaliti. Walikuwa watu wa kazi, wenye nyumba, wake na ng'ombe wa kufikiria, kama mwanahistoria Michelle Moyd alivyoeleza vizuri katika kitabu chake cha 2014 juu ya askari hao.

Turudi Shinyanga. Jenerali hakuwapo huko wakati vita vilipofika; alikuwa mashariki, akipambana na jeshi la Smuts. Upande wa magharibi ulikuwa mikononi mwa Kurt Wahle, naye jenerali, aliyekwisha kustaafu, mzee wa miaka 60, ambaye alikuja Dar es Salaam Agosti 1914 kumwangalia mwanawe na vita vikamfungia njia ya kurudi. Julai 1916 Waingereza chini ya Crewe waliitwaa Mwanza, wakateremka kusini, na mwisho wa Agosti wakafika Shinyanga. Tarehe 19 Septemba Wabelgiji wa Tombeur wakaingia Tabora. Katika kitabu cha Lettow-Vorbeck habari hizi zimeandikwa kwa kutegemea ripoti. Wahle alizieleza mwenyewe katika kumbukumbu zake za 1920. Kwa wote wawili nchi hii ni nafasi kati ya Mwanza na Tabora, nafasi yenye maji kidogo na njia ndefu. Msomaji wa Maganzo atatafuta jina la kijiji, la mtemi, la mto, atapata mshale juu ya ramani.

Na juu ya mshale ule walitembea wapagazi. Upande wa Waingereza pekee waliokusanywa katika vita hivyo vyote hukadiriwa kufika milioni moja, na waliokufa zaidi ya 90,000, wengi kwa kuhara, homa na njaa. Unguja nayo ilitoa wapagazi wake. Hawa hawakuacha karatasi, lakini waliacha maneno. Kariakoo ya Dar es Salaam na ile ya Nairobi ni jina la Kiingereza la kikosi chao lililotafunwa na midomo ya Waswahili mpaka likawa letu. Kila siku maelfu huingia katika jina hilo kununua nyanya na samaki. Huko Ugogo njaa iliyofuata vita, baina ya 1917 na 1920, ilipewa jina, Mtunya, na jina hilo limehifadhi habari ambazo hazimo katika kitabu chochote cha jenerali yeyote. Usukuma, nchi ya kushindana kwa nyimbo, ilizitia kazi zake zote katika nyimbo, na upagazi haukuachwa. Frank Gunderson alikusanya nyimbo nyingi za kazi za Wasukuma katika kitabu chake cha 2010. Anayedhani watu hawa hawana hifadhi ya nyaraka ameitafuta kabatini.

Hata hivyo pasiwe na kujidanganya. Wimbo haulipwi dirishani. Watu wa Maganzo wanalijua hili kuliko wengi, maana riziki ya mji imesimama juu ya jiwe ambalo bila karatasi halina pa kwenda. Tangu 2003 almasi ghafi haivuki mpaka kihalali bila ya cheti cha Kimberley, na kabla ya kufika mpakani ina leseni na vibali vyake vingine. Jiwe ni lilelile, liking'aa au lisipong'aa. Anayeshika karatasi ndiye anayeshika bei. Kwa watu wa mahali kama hapo, kisa cha askari na hati zao hakihitaji utangulizi mrefu.

Mmoja aliyejaribu kudai alikuwa Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari, na wakati wa vita alitumikia jeshi akiwa bado kijana mdogo. Mwaka 1929 alisafiri mpaka Berlin kudai mshahara wake na wa marehemu baba yake. Wizara ilimkatalia. Alibaki huko, akafanya kazi ya kuhudumia mezani, akaigiza katika filamu, akawasaidia Wajerumani kujifunza Kiswahili chuoni. Mwaka 1934 aliomba nishani ya wapiganaji wa mstari wa mbele, hakupewa. Utawala wa Hitler ulimkamata mwaka 1941, na alikufa katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Marianne Bechhaus-Gerst aliandika maisha yake katika kitabu cha 2007. Huyu ndiye askari ambaye alimfuata mdaiwa mpaka nyumbani kwake, na ni vigumu kuyasoma maneno ya jenerali kuhusu uaminifu bila ya kumkumbuka.

Ndipo kinapokuja kisa cha Mwanza, kilichoenezwa sana na kitabu cha Charles Miller cha 1974. Mwaka 1964, mwaka aliokufa jenerali, Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wa zamani waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba mtu wa benki alikuja Mwanza na fedha, akafungua ofisi ya muda, wakatokea wazee kiasi cha 350. Wachache walikuwa na hati zao. Wengine walileta vipande vya sare kuukuu. Yule bwana akapata wazo: akampa kila mzee ufagio, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Inasemekana hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Kisa hiki husimuliwa kwa tabasamu, na wanaokisimulia hudhani wanawasifu wazee. Kwa kweli wanaisifu amri. Wanastaajabu kuwa mafunzo ya Kijerumani yalikaa mwilini miaka 46. Lakini kisome tena kutoka upande wa barabara inayopita Maganzo, ambayo huenda baadhi ya wazee wale waliipitia kwenda Mwanza. Mdaiwa ndiye aliyeandika hati. Mdaiwa ndiye mwenye hifadhi, makarani na kabati. Anayeombwa ushahidi ni mdai, na anayeamua ushahidi gani utoshe ni mdaiwa. Mzee wa miaka 70 anasimamishwa mbele ya watu na chombo cha kufagilia, na malipo ya ujana wake yanategemea kama mabega yake yatakumbuka sauti iliyomwamrisha.

Na wapagazi? Kwa maelezo ya vita vyenyewe, hati pale Abercorn hazikuwa za askari peke yao. Mpagazi hakufundishwa gwaride. Angepewa amri gani? Angebebeshwa nini ili ijulikane kuwa kweli alibeba? Na mjane aliyeitunza karatasi ya mumewe mpaka mchwa wakamzidi, angeuinuaje ufagio? Husen alidai mshahara wa baba aliyekwisha kufa. Kwa mtihani wa Mwanza, marehemu yule angehesabiwa kuwa ameshindwa. Kisa kinachopendeza hivi katika vitabu kimewafungia mlango watu wengi kuliko kilivyowafungulia.

Watu wa pwani wana sababu ya pekee ya kulitazama gwaride lile kwa makini, kwani wao walikwisha kulifanya kwa hiari yao. Ngoma ya beni, iliyoanza katika miji ya pwani ya Kenya kabla ya vita, na ambayo Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975, ilichukua tarumbeta, sare, vyeo na mwendo wa kijeshi ikavifanya mchezo wa mashindano ya mitaa. Wakati wa vita na baada yake ilisafiri pamoja na askari na wapagazi, ikaenea bara. Marini na Arinoti vikawa vyama vilivyojulikana mji baada ya mji. Humo mtu asiye na cheo kwa mzungu aliweza kuwa mfalme au jenerali kwa usiku mmoja, akavaa, akaamrisha, akashangiliwa na wanawake. Kijiti alichoshika hakikuwa bunduki, na kila mtu alijua. Hapo ndipo penye tofauti. Katika beni mwili ulikumbuka amri ili kuicheza; Mwanza mwili ulitakiwa kuikumbuka ili kuitii mara ya mwisho. Mchezaji wa beni na mzee wa ufagio wanafanya mwendo mmoja, na huenda wengine walikuwa watu walewale, lakini ni mmoja tu aliyekuwa na haki ya kucheka.

Atakayekitafsiri kitabu cha jenerali, basi, atakuwa na kazi ngumu kwenye neno moja kuliko kwenye ramani zote, nalo ni lile la Kijerumani, treu, ambalo kitabu na wapenzi wake hulirudia juu ya askari. Kamusi itampa mwaminifu. Mtiifu lingefaa mahali pengine, na mvumilivu mahali pengi zaidi. Asiyatumie kwa mazoea. Apime kila mara nani anasema, nani anasemwa, na mshahara ulikuwa umechelewa kwa miezi mingapi. Majina ya askari wachache waliotajwa ayaandike kwa tahajia ya Kiswahili, yarudi kuwa majina ya watu. Michoro ya Ruckteschell iwekwe, maana bila hiyo msomaji hatajua kwamba walitazamwa. Na atakapofika kwenye kurasa za Abercorn, pale hati zinapogawiwa, jenerali hana neno maalumu la kuwaitia watu wanaozipokea. Ni askari na wapagazi tu, kama kwenye kurasa zilizotangulia. Kiswahili kinalo. Ni wadai.